Jumamosi Ijayo Hakuna Mechi

Wafula baba,

Tulifungwa. Mbili kwa moja. Hatukuingia mchujo, msimu umeisha leo kabla ya saa kumi na moja jioni mbele ya macho yangu mawili, na Jumamosi ijayo hakuna mechi.

Najua sivyo nilivyokwambia. Ulinifungulia mlango ukiwa bado na ile fulana ya rangi ya chungwa ya kazini, umetoka zamu yako ya mwisho ghalani, na ghala lenyewe ni lile la kufungia watu simu kabatini tangu asubuhi, kwa hiyo hukuwa na habari yoyote. Uliniuliza neno moja tu: "Enhe?" Nami mamako, mwanamke wa miaka arobaini na sita, mwimbaji wa kwaya, nikakujibu, "Tumeingia." Huo ulikuwa uongo. Tangu hapo nimekaa jikoni nikiusikia uongo wangu ukipanda ngazi na wewe, ukishuka na wewe, ukifunga masanduku na wewe, nawe unapiga mluzi. Ulikuwa hujapiga mluzi ndani ya nyumba hii miaka mitatu.

Kesho saa moja asubuhi basi lako linatoka kituo cha Digbeth kwenda Newcastle, na Jumatatu unaanza kujifunza kuchomelea meli. Sitakuandikia mambo ya pasi wala ya kula mboga. Ugali unaupika kunishinda, na nguo zako umezifua mwenyewe tangu ukiwa na miaka kumi na sita, na sote wawili tunajua kwa nini.

Tena ulikuwa uongo wa kijinga. Kompyuta umeshaipakia, sawa, na redio haisomi matokeo ya ligi ndogo kama yetu, lakini gazeti la Jumatatu huyaandika hata kama ni kwa herufi za kutafutia miwani. Njia ya mwongo ni fupi. Hii yangu ilikuwa na siku moja na nusu tu ya kuishi, na nilijua hivyo nilipokuwa nafungua mdomo.

Ila Jumapili iliyopita ulikuwa unaosha kikombe, umenipa mgongo, ukasema, "Tukiingia mchujo nitarudi Jumamosi ile. Tukikosa, basi tutaonana Krismasi." Ulisema kama mtu anayesoma ratiba ya basi. Mimi nilikuwa nakata sukuma, nikaendelea kukata. Nadhani niliikata laini kuliko siku zote.

Sasa nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukusimulia, kwa sababu huu si uongo wangu wa kwanza kuhusu timu hii. Uliwahi kuniuliza nani alinipeleka uwanjani mara ya kwanza, nikakujibu, "Kazi." Ilikuwa kweli, ila nusu.

Wewe ukiwa na miaka kumi na minne, mimi nilikuwa natunza wazee majumbani upande wa Kings Heath. Mmoja wao nilimwita Mzee Ron. Aliniuliza mzee maana yake nini, nilipomweleza akasema hilo ni jina zuri kuliko yote waliyomwita kiwandani kwa miaka arobaini. Sukari ilikuwa imemla miguu na nusu ya macho. Kwenye karatasi ya mpango wa kazi, ile inayokaa juu ya friji, ofisi ilikuwa imeandika kuoga, dawa, chai, soksi za kubana. Chini yake yeye mwenyewe alikuwa ameongeza kwa kalamu nene: Jumamosi, mpira.

Wee, niliuchukia mpira huo. Baridi inayoingia hadi kwenye meno, mimi nasukuma kiti cha magurudumu kwenye matope, na mbele yetu wanaume ishirini na wawili wanapigana mateke. Alinifundisha polepole. Kwamba anayemaliza wa kwanza anapanda daraja moja kwa moja. Kwamba wanaomfuata wanne, wa pili hadi wa tano, wanachujana wao kwa wao kutafuta nafasi moja iliyobaki. Na kwamba timu yake humaliza ya sita. "Sisi ni watu wa nafasi ya sita," aliniambia, kama mtu anayekutajia kabila lake.

Mwaka ule moyo wake ulianza kugoma mwezi wa tatu, akawa wa kitandani. Zilikuwa zimebaki mechi saba na timu ilikuwa ya tatu. Ya tatu, Wafula! Akaniambia nitumie saa zile zile za Jumamosi kwenda kutazama badala yake, nirudi nimsimulie. Nikaenda. Tukafungwa nne bila. Nikarudi nikasimama mlangoni mwa chumba chake, koti linadondosha maji, naye amegeuza kichwa ananitafuta kwa lile jicho lililobaki.

Wewe ni mtoto wa kwetu, unajua. Mgonjwa haambiwi habari mbaya. Hata Kitale daktari humvuta mjomba nyuma ya mlango akamnong'oneza yeye, mgonjwa akabaki anaambiwa ale uji apate nguvu. Kwa hiyo nilisema, "Mbili moja, Mzee. Tumeshinda." Alikula sahani nzima ya viazi. Alikuwa hajala sahani nzima wiki mbili.

Basi nikashika kazi hiyo. Timu iliporomoka mwezi mzima, na kila wiki mimi niliishindisha. Nilitunga mabao, nikatunga wafungaji, nikamtungia refa mmoja mpumbavu mwenye kitambi ambaye Mzee alimchukia kwa roho yake yote. Nilikuwa nikimsomea msimamo wa ligi kutoka gazetini nikihamisha namba njiani. Nilikuwa hodari. Alimwomba binti yake wa Sutton Coldfield atafute gari la kupandisha kiti cha magurudumu, apelekwe mechi ya mchujo hata kama ni mara ya mwisho, na binti mwenyewe hajui mpira wala msimamo, akaanza kupiga simu kutafuta gari.

Alhamisi baada ya mechi ya saba, jirani yake mmoja akaja na biskuti. Mimi nilikuwa jikoni nasubiri maji yachemke. Nikamsikia akisema, "Pole, Ron. Wa tisa. Hata ya sita safari hii tumekosa."

Mzee aliniita baada ya mgeni kuondoka. Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema, "Grace, mechi saba zile zilikuwa zangu." Nikamwambia nilitaka tu awe na furaha. Akanijibu, "Nimeifuata timu hii miaka sitini. Unadhani niliifuata kwa ajili ya furaha?" Kisha akaniomba nimgeuze atazame ukuta. Jumatatu ofisi ikanipa wazee wengine. Alikufa mwezi wa sita, nikaenda mazishini nikasimama nyuma kabisa karibu na makoti.

Msimu mpya ulipoanza nilikwenda uwanjani peke yangu. Hakuna aliyenituma. Nilikwenda kuona watu wakifungwa kwa macho yangu mwenyewe na kurudi nyumbani nikiwa najua kwamba wamefungwa, hiyo ndiyo ilikuwa shabaha. Wewe ulijiunga nami kwa sababu boila ya kupasha nyumba joto ilikuwa imekufa na kule angalau kulikuwa na supu ya moto. Mechi ya kwanza ulisimama unatetemeka ukanena, "Mathe, hawa watu ni wabaya kweli." Ya pili ulikuwa unawatetea.

Mtu angetarajia mwanamke aliyeambiwa maneno yale na mzee anayekaribia kufa awe amejifunza. Hata mimi nilijitarajia hivyo.

Mwaka uliofuata, mwezi wa tano, katikati ya mitihani yako, mjomba wako Simiyu alinipigia simu kutoka Kitale. Akasema, "Mama ni mgonjwa kidogo." Sisi tulio huku nje sote tunaijua sentensi hiyo. Hakuna anayepigiwa simu ya gharama kuambiwa mtu ni mgonjwa kidogo. Nikamwuliza, "Mnamzika lini?" Akasema, "Jumamosi." Pasipoti yangu ilikuwa kwa watu wa uhamiaji, imelala huko mwaka wa pili. Sikuweza kwenda kumzika mama yangu. Na juu ya ngazi ulikuwepo wewe, uliyelala kitanda kimoja na nyanya yako hadi ukafika miaka kumi, hadi siku niliyokuleta huku, unasoma kemia.

Nikamwambia Simiyu, "Mtoto asijue mpaka amalize." Kina mama wa kanisa wakafanya maombi ya msiba nyumbani kwa Mama Furaha, yule Mkongo wetu, nami nikakuaga kwamba naenda mazoezi ya kwaya. Niliimba huko, kwa hiyo hata hilo nilijiambia si uongo. Na kila Jumapili wewe ulikwenda Soho Road ukanunua kadi ya simu, ukaikwangua kwa ukucha, ukapiga Kitale. Nyanya amelala. Nyanya ameenda kusagisha mahindi. Nyanya yuko kanisani, leo ibada imechelewa. Jumapili tano. Mimi nilikuwa nakaa ngazini, nasikia unavyomwachia salamu, na jinsi unavyomwambia mjomba, "Mwambie nimepata shati la kupigia picha ya kumtumia." Nilijibana mdomo kwa kanga.

Ya sita, mama mmoja wa Coventry ambaye hakuwa ameonywa akakukumbatia mlangoni pa kanisa: "Pole mwanangu kwa nyanya yako." Mbele ya watu wote. Tulipofika nyumbani uliniuliza kitu kimoja tu: "Ulikuwa unakaa ngazini?" Nikasema ndiyo. Ukachukua nguo zako kwenye kapu langu la kufulia, moja moja, ukapanda nazo juu.

Sikuomba msamaha vizuri, Wafula. Nilikuja na maelezo. Mitihani, pasipoti, desturi. Nilikwambia hivyo ndivyo watu hufanya, na ni kweli hufanya hivyo, na hiyo ndiyo iliyonifanya nisisikie ulichokuwa unaniambia. Nilikuwa nimeshaambiwa jambo lile lile na Mzee Ron kwa maneno machache, na bado. Sikio la kufa halisikii dawa.

Baada ya hapo humu ndani tumeishi kwa "ndiyo", "hapana", na "natoka". Isipokuwa uwanjani. Sijui kama uliamua au ilitokea tu. Mechi zilipoanza Agosti ile nilivaa koti, sikukuuliza, nikakukuta umeshasimama kituoni unangoja basi namba kumi na moja. Na ulipofika pale kwenye jukwaa letu, karibu na kibanda cha chai, ukanena, "Mathe, beki wa kushoto mpya ni mzee kuliko wewe." Nilicheka hadi nikamwaga chai. Kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja kasoro, mara mbili kwa mwezi, nilikuwa na mtoto. Tukishuka basi Handsworth ulikuwa unatangulia mbele hatua kumi, na mimi nilikuwa naziheshimu hatua hizo kumi.

Sasa unaelewa msimu huu ulivyonifanya. Krismasi tulikuwa wa kumi na nne, nikatulia, hali ya kawaida. Halafu yule mshambuliaji wetu, kijana wa kutoka Walsall, akaanza kufunga, mara tukawa wa kumi, wa nane, nawe ukaanza hesabu zako nyuma ya bahasha: sisi tukishinda hizi, wale wakitoka sare pale, hawa wakipoteza kule. Ulikuwa unaziacha mezani. Hukuniambia niziangalie, lakini uliziacha, na nilikuwa naamka mapema kuziangalia kabla ya kazi. Nilianza kuvaa soksi zile zile. Sikuthubutu kusema "tukipanda", nilisema "Mungu akijalia" kama mtu anayejenga nyumba. Kanisani nilisimama mbele nikasema nina haja ya siri. Mchungaji akaniwekea mikono, akakemea kila kizuizi kwa jina, na kizuizi chenyewe kilikuwa goti la winga wetu wa kulia. Nilifunga Ijumaa nzima. Mama Furaha akanivuta pembeni akaniuliza, "Dada, ni mambo ya makaratasi?" Nikamwambia, "Makaratasi ni rahisi."

Wengine wote kwenye jukwaa lile walikuwa wanaomba timu ipande. Mimi nilikuwa naomba iongezewe siku. Mchujo ungekuwa mechi moja zaidi, na tukiivuka, nyingine. Sikuwa na haja na daraja la juu. Nilikuwa nakusanya Jumamosi.

Leo sasa. Nitakusimulia yote, na kila kitu ni kweli, hata yale ambayo ningependa kuyaruka.

Tulihitaji kushinda tu, na hao wengine wangejijua. Watu walikuwa wengi hadi kibanda kiliishiwa maziwa kabla ya mapumziko. Nilisimama pale petu na nikaacha nafasi yako wazi, mzee mmoja akataka kusimama hapo nikamwambia pana mtu. Dakika ya ishirini wakatufunga, bao la kipumbavu, mpira umempita kipa wetu chini ya tumbo. Kipindi cha pili tukacheza, Wafula. Tulicheza kama watu wenye deni na Mungu. Kijana wa Walsall akasawazisha dakika ya sabini kwa kichwa, na mimi nilimkumbatia yule mzee niliyemnyima nafasi yako. Moja moja. Bao moja tu. Dakika ishirini za kutafuta bao moja, na tukagonga mwamba, na refa akatunyima penalti ambayo hata mama wa refa angetupa. Dakika ya mwisho tukapata kona, kipa wetu akakimbia hadi kwao kwenda kuruka na wenzake. Nilijua. Nilimwona anakimbia nikajua. Mpira ukaokolewa, winga wao mmoja akauchukua akatembea nao uwanja mzima hadi kwenye lango lisilo na mtu. Alikuwa hana haja ya kukimbia.

Nahodha alikaa kwenye nyasi akajifunika uso kwa jezi. Hakuna aliyezomea. Watu walipiga makofi kidogo, wakaanza kutafuta funguo za magari. Mimi sikuondoka. Nilikaa hadi yule baba anayetunza nyasi za uwanja akaja kufungua nyavu za lango, akaniuliza kama kuna mtu anakuja kunichukua.

Kwenye basi nilijizoeza. Nilisema kimoyomoyo, "Tumefungwa, baba, pole." Ni maneno matatu. Nilikuwa nayo mdomoni hadi kwenye geti. Ukafungua, ukasema "Enhe?", na uso wako ulikuwa ule wa zamani, ule wa miaka kumi. Nikasema nilichosema.

Nawe ukanikumbatia.

Ulininyanyua, mguu mmoja wa kiatu ukanitoka. Ulikuwa unanuka maboksi na jasho. Ulisema shingoni mwangu, "Nilijua, Mathe, nilijua." Ulikuwa hujanigusa tangu siku ile ya kanisani, Wafula. Nilihesabu hadi kumi kabla hujaniweka chini. Nilikuwa nasikia raha kiasi kwamba nilisahau kwa nini unanikumbatia, na nilipokumbuka, nilikushika zaidi.

Hapo ndipo nilipojifahamu, na ndiyo sababu naandika. Miaka yote nimejiambia kwamba nawadanganya watu kwa kuwahurumia. Mzee Ron mgonjwa, mtoto ana mitihani. Leo hapakuwa na mgonjwa wala mtihani. Wewe ni mtu mzima mwenye afya, unaenda kazini, na ningekuambia tumekosa mchujo ungesema "Kama kawaida yetu" ukaendelea kufunga sanduku. Nilikudanganya kwa sababu nilitaka urudi Jumamosi usimame kando yangu dakika tisini. Nikiangalia nyuma, nahofia kwamba hata zile nyingine zilikuwa hivyo. Nilipenda kuwa mtu anayeingia chumbani kwa Mzee na ushindi. Na wakati wa nyanya yako, ungelia, nami ningelazimika kulia na wewe, na nilikuwa nimeamua kwamba nikianza sitaweza kwenda kazini. Wewe ulinyimwa msiba wako ili mimi nisiwe na wangu. Nilipaswa kukwambia hivyo miaka mitatu iliyopita badala ya kukutajia kemia.

Sina ushauri mzuri wa kukupa juu ya haya. Natamani ningekuwa nao. Ningekuwa mama wa namna nyingine ningesema nimejifunza, lakini nimejifunza mara mbili tayari na umeona matokeo. Nakuomba tu kitu kimoja kuhusu huko uendako: mtu akikupenda na akakuletea habari njema kila siku, muulize tena. Na siku utakayoona mdomo wako mwenyewe unafunguka kumwokoa mtu na jambo lililo lake, tazama kwanza nani anayeokolewa. Umetoka tumboni mwangu, inawezekana unayo tabia hii.

Kuhusu kurudi kwako, nimefanya hesabu kama zile zako za kwenye bahasha. Bila mechi, sioni matokeo gani yanakuleta Handsworth. Agosti utakuwa Newcastle, na huko kuna timu kubwa yenye uwanja wa maana, utapata watu wa kusimama nao. Mimi nitakwenda pale petu kwa sababu sijui kukaa nyumbani siku hizo, na nitaacha nafasi, na haitakuwa na maana yoyote. Sikuambii haya ili unihurumie. Nakuambia kwa sababu ndivyo yalivyo.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini ya taulo kwenye begi lako, uikute ukiwa njiani, Leeds huko au wapi, mimi nikiwa mbali nisiuone uso wako. Nilishaikunja mara moja. Kisha nikakusikia juu unampigia Jaspal, unacheka, unamwambia tumeingia, unamwambia utarudi Jumamosi na yeye aje na kakake. Sasa uongo wangu umeshatoka nje ya nyumba umevaa sauti yako, na Jumatatu wewe ndiye utakayeonekana mwongo kwa rafiki yako.

Kwa hiyo naipandisha mwenyewe. Bado kuna mwanga dirishani, na taa ya chumba chako umeiwasha. Nitabisha, nitakupa mkononi, nami nitasimama hapo hapo mlangoni unaposoma, kwa sababu nimezoea kukaa ngazini na leo sitakaa. Useme lolote au usiseme. Ukitaka kunifungia mlango, nifungie.

Lile kumbatio uliipa timu iliyoingia mchujo, na timu hiyo haipo. Nimekuja kulirudisha.

Mamako